Dhamana na Wakili: Historia ya Haki Mbili za Mtuhumiwa Tanzania Bara, 1920–2021

1.0 Utangulizi

Mtu anapokamatwa, ndugu zake huuliza maswali mawili kabla ya mengine yote: atatoka lini kwa dhamana, na nani atamtetea. Sheria huyajibu maswali haya katika sura tofauti. Dhamana huwekwa katika masharti ya mwenendo wa mashauri, na uwakilishi huwekwa katika haki za mshtakiwa wakati wa kusikilizwa kwa kesi. Hata waandishi wengi wa historia ya sheria nchini wameyashughulikia kwa kuyatenganisha namna hiyo hiyo.

Insha hii inajenga hoja kwamba katika historia ya Tanzania Bara haki hizi mbili zimekwenda pamoja. Dola ilipotaka kuifuta moja, iliifuta na nyingine. Mahakama zilipoipanua moja, zilifanya hivyo kwa kuwa kulikuwa na mtu mwenye uwezo wa kuijenga hoja. Kwa mtuhumiwa asiye na wakili, dhamana ilibaki haki iliyoandikwa, na utekelezaji wake ulitegemea ndugu, mali na bahati. Hoja hii inafuatiliwa kuanzia kuanzishwa kwa mfumo wa sheria wa Kiingereza mwaka 1920 hadi marekebisho ya mwaka 2021. Vifungu vinatajwa kwa hesabu iliyotumika katika kipindi kinachojadiliwa, yaani kabla ya Toleo la Marejeo la Sheria la mwaka 2023 kubadili namba za baadhi yake.

2.0 Maana ya Maneno na Mizizi Yake

Maneno “dhamana” na “wakili” yameingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na yote mawili yalitumika katika biashara ya pwani kabla ya kuwa istilahi za mahakama za kikoloni. Dhamana ni ahadi ya mtu kubeba wajibu wa mwenzake endapo mwenzake hatautimiza. Wakili ni mtu aliyekabidhiwa kutenda na kusema kwa niaba ya mwingine, iwe katika ndoa, katika mali au mbele ya kadhi. Katika maana zote mbili kiini ni uhusiano kati ya watu: yupo anayesimama nyuma ya mwenzake, na yupo anayesimama mbele kwa niaba yake.

Maana hii ya asili inasaidia kueleza jinsi dhamana inavyofanya kazi nchini hadi leo. Kwa kawaida mahakama haimtaki mshtakiwa alipe fedha ndipo atoke. Inamtaka alete wadhamini wanaofahamika, wenye vitambulisho na barua za utambulisho kutoka serikali ya mtaa au ya kijiji, ambao watasaini bondi ya kiasi kilichotajwa. Kiasi hicho hudaiwa tu iwapo mshtakiwa atakiuka masharti, hasa kwa kutofika mahakamani. Dhamana ya polisi nayo haina ada kisheria. Hata hivyo, imani kwamba dhamana “hununuliwa” imeenea sana, na imewanufaisha wale wanaodai malipo yasiyo halali kutoka kwa watu wasiojua utaratibu. Elimu juu ya jambo hili dogo ni sehemu ya kazi ya wakili katika saa za mwanzo, na kukosekana kwake huonekana hapo kwanza.

Mfumo huu wa wadhamini una udhaifu wake. Mtu aliyekamatwa mahali alipozaliwa hupata mdhamini kwa urahisi. Mfanyakazi wa kuhamahama, kijana aliyeingia mjini akitafuta riziki au mgeni asiye na ndugu anaweza kupewa dhamana na hakimu asubuhi, kisha arudishwe rumande mchana kwa kukosa mtu wa kusaini. Kwa watu wa aina hii kauli kwamba “dhamana iko wazi” haikuwafungulia mlango wowote.

3.0 Kipindi cha Ukoloni: Mahakama za Aina Mbili

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza iliikabidhiwa Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Amri ya Mfalme ya mwaka 1920 iliunda Mahakama Kuu na kuruhusu matumizi ya sheria ya Kiingereza pamoja na sheria kadhaa za India, zikiwemo zile za mwenendo wa makosa ya jinai. Mwaka 1930 sheria hizo za jinai zenye asili ya India zilianza kuondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na sheria zilizotungwa kwa ajili ya koloni. Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, iliyojulikana baadaye kama Sura ya 20, ndiyo iliyoongoza masuala ya ukamataji na dhamana hadi mwaka 1985.

Kwa maandishi, kanuni hiyo ilimpa mshtakiwa wa makosa mengi nafasi ya kuachiwa kwa dhamana, na ilitambua haki ya kutetewa na wakili. Lakini ilitumika katika ngazi ya juu ya mfumo uliogawanyika. Chini yake kulikuwa na mahakama za wenyeji, ambazo Sheria ya mwaka 1929 iliziondoa katika usimamizi wa Mahakama Kuu na kuziweka chini ya watawala wa wilaya na majimbo. Mawakili hawakuruhusiwa kufika katika mahakama hizo. Sababu iliyotolewa ni kwamba haki ya kimila ilikuwa nyepesi na ya wazi, na kwamba mawakili wangeleta ubishi wa kitaalamu usioeleweka na wananchi. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika wengi alihukumiwa mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuomba dhamana kwa niaba yake wala wa kuhoji kukataliwa kwake.

Katika mahakama za chini zilizofuata kanuni ya Kiingereza hali haikuwa bora sana. Mara nyingi bwana shauri alikuwa pia hakimu. Mtu yule yule aliyekusanya kodi na kusimamia amani ya wilaya ndiye aliyeamua kama mtuhumiwa alale nyumbani au rumande. Mawakili wenyewe walikuwa wachache, wengi wao Wazungu na Waasia, na ofisi zao zilikuwa katika miji michache. Sheria ya kuanzisha Chama cha Mawakili cha Tanganyika ilitungwa mwaka 1954, miaka saba tu kabla ya uhuru.

Mashauri ya kisiasa ya miaka ya 1950 yalionyesha wazi thamani ya wakili na ugumu wa kumpata. Nchini Kenya, Jomo Kenyatta alipokamatwa Oktoba 1952 na kushtakiwa Kapenguria, jopo la utetezi lililoongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza lilikusanywa kutoka nchi mbalimbali. Dudley Thompson, mwanasheria Mjamaika aliyefanya kazi Tanganyika, alikuwa miongoni mwao, pamoja na mawakili wa Kenya wenye asili ya Kiasia kama Achhroo Kapila na Fitz de Souza. Mahali penyewe pa kesi, mbali na Nairobi na pasipo na huduma, palikuwa kikwazo kwa utetezi.

Pritt huyo huyo alifika Dar es Salaam mwaka 1958 kumtetea Julius Nyerere, aliyeshtakiwa kwa kashfa ya jinai kutokana na maandishi katika jarida la Sauti ya TANU. Alisaidiana na mawakili wa hapa, K. L. Jhaveri na M. N. Rattansey. Nyerere alitiwa hatiani na kutozwa faini badala ya kwenda jela. Kiongozi wa chama chenye wanachama wengi aliweza kupata utetezi wa namna hiyo. Mkulima aliyefikishwa mwaka huo huo mbele ya mahakama ya wenyeji kwa kosa la kodi hakuruhusiwa hata wakili wa mtaa wake.

4.0 Baada ya Uhuru: Umoja wa Mahakama na Mwendelezo wa Marufuku

Serikali ya Tanganyika huru iliufuta mgawanyiko wa mahakama kwa misingi ya rangi. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliunganisha mfumo wote, kuanzia mahakama za mwanzo hadi Mahakama Kuu. Ilikuwa hatua kubwa ya kuondoa ubaguzi. Hata hivyo, marufuku ya mawakili iliyowekwa na wakoloni iliendelea kuishi katika mahakama za mwanzo, na ilirudiwa katika Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984. Sheria hiyo iliwazuia pia waendesha mashtaka, ili pande zote mbili zisimame sawa. Usawa huo ulikuwa na mantiki katika madai kati ya majirani. Katika jinai ulikuwa dhaifu, kwa sababu nyuma ya mlalamikaji mara nyingi alikuwepo askari aliyemkamata mshtakiwa.

Mwaka 1962 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kuamuru mtu azuiwe bila kufikishwa mahakamani. Kwa aliyezuiwa chini ya sheria hiyo suala la dhamana halikuzuka, kwa kuwa hapakuwa na shtaka wala hakimu. Wakati huo huo Serikali ilikataa kuweka orodha ya haki za binadamu katika Katiba, kwa hoja kwamba taifa changa lilihitaji umoja na maendeleo kabla ya kuwapa wapinzani silaha ya kuikwamisha Serikali mahakamani. Hivyo, kwa zaidi ya miaka 20 ya kwanza ya uhuru, dhamana ilitegemea sheria za kawaida peke yake, na Bunge lingeweza kuipunguza wakati wowote.

Kwa upande wa uwakilishi, Sheria ya Msaada wa Kisheria katika Mashauri ya Jinai ya mwaka 1969 ilileta nafuu. Iliruhusu mahakama kumpangia wakili mshtakiwa asiye na uwezo pale ambapo haki ilitaka hivyo, na Serikali ikamlipa wakili huyo kiasi kidogo. Kwa vitendo, msaada huo ulielekezwa hasa katika kesi za mauaji na uhaini zilizosikilizwa na Mahakama Kuu. Wakili alipangwa kesi ilipokaribia kusikilizwa, wakati mwingine miaka kadhaa baada ya mshtakiwa kukamatwa. Hakuwepo mtuhumiwa alipohojiwa kituoni, alipotoa maelezo, wala aliposomewa shtaka kwa mara ya kwanza. Sheria ilimpa maskini wakili mwishoni mwa safari, ilhali uamuzi juu ya dhamana hufanywa mwanzoni.

5.0 Mwaka 1983: Haki Mbili Kufutwa kwa Pamoja

Ushahidi ulio wazi zaidi wa hoja ya insha hii unapatikana katika msako wa wahujumu uchumi ulioanza Machi 1983 chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa bidhaa muhimu baada ya vita vya Kagera na kudorora kwa uchumi. Wananchi waliopanga foleni kwa sabuni na sukari waliupokea msako huo kwa furaha, kwa kuwa waliamini kwamba bidhaa zilikuwa zimefichwa.

Watu wengi walikamatwa kabla ya sheria kuwepo. Sheria ya Uhujumu Uchumi (Masharti Maalumu) ya mwaka 1983 ilitungwa baadaye na kuhalalisha yaliyokwisha kufanyika. Iliunda mahakama maalumu nje ya mfumo wa kawaida. Washtakiwa hawakuruhusiwa dhamana, hawakuruhusiwa kuwakilishwa na mawakili, na hawakuwa na haki ya kukata rufaa.

Mpangilio huo hauwezi kuchukuliwa kuwa wa bahati mbaya. Watunga sheria walielewa kwamba wakili angeomba dhamana, na kwamba mshtakiwa aliye nje kwa dhamana angetafuta wakili, nyaraka na mashahidi. Ili kuhakikisha kwamba msako haukwamishwi na utaratibu, ilikuwa lazima milango yote ifungwe kwa wakati mmoja. Ukosoaji uliojitokeza, hasa kutoka kwa wanasheria, ulichangia kubadilishwa kwa mfumo huo mwaka uliofuata. Sheria ya Kudhibiti Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa ya mwaka 1984 iliyarudisha mashauri haya Mahakama Kuu, ikarejesha mawakili na rufaa, na ikaruhusu dhamana kwa masharti magumu. Haki hizo mbili, zilizoondoka pamoja, zilirejea pamoja.

6.0 Hati ya Haki na Kifungu cha 148

Mwaka 1984 Katiba ilirekebishwa kwa Sheria Namba 15, na kwa mara ya kwanza ikawa na sehemu ya haki za binadamu. Ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla ya kuthibitika kwamba anayo hatia. Ibara ya 15 inalinda uhuru wa mtu na kuruhusu anyang'anywe uhuru huo tu katika hali na kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Utekelezaji wa haki hizo mahakamani uliahirishwa hadi Machi 1988, ili Serikali ipate muda wa kurekebisha sheria zilizopingana nazo.

Katikati ya kipindi hicho cha kusubiri ilitungwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985. Katika masuala ya ukamataji ilikuwa na maendeleo ya kweli. Kifungu cha 32 kiliweka kipimo cha saa 24 kwa mtu aliyekamatwa bila hati. Kifungu cha 50 kiliweka saa 4 za msingi za kumhoji aliye chini ya ulinzi, na kifungu cha 51 kikaruhusu ziongezwe. Kifungu cha 54 kilimpa mtuhumiwa nafasi ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kifungu cha 310 kilithibitisha haki ya kutetewa na wakili katika mahakama zote za jinai, isipokuwa mahakama za mwanzo.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 148, iliweka vizuizi viwili vikubwa vya dhamana. Kifungu kidogo cha 4 kilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kuwasilisha hati inayosema kwamba kumwachia mshtakiwa kungehatarisha usalama au maslahi ya Jamhuri, na mahakama ikakosa uwezo wa kutoa dhamana. Kifungu kidogo cha 5 kiliorodhesha makosa na hali ambazo hazina dhamana kabisa. Kwa njia hizo mbili uamuzi uliondoka mikononi mwa hakimu: katika ule wa kwanza ulikwenda kwa mshtaki, katika wa pili ulikuwa umekwisha kufanywa na Bunge.

Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979, iliikubali hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka katika shauri la Ally Nuru Dirie lililochapishwa katika ripoti za mwaka 1988. Ilieleza masharti ambayo hati lazima iyatimize, ikiwemo kuwa ya maandishi na kuhusu shauri lililopo mahakamani, lakini hati halali ikishawasilishwa mahakama haikuwa na nafasi ya kuhoji sababu zake.

Mabadiliko yalianzia kanda ya ziwa. Mshtakiwa wa unyang'anyi wa kutumia nguvu alinyimwa dhamana kwa mujibu wa kifungu cha 148(5)(e) kama kilivyokuwa wakati huo. Alipofika Mahakama Kuu, Jaji James Mwalusanya, aliyejulikana kwa kuisoma Hati ya Haki kwa upana, alimpa dhamana na kutangaza kwamba kifungu hicho kilikuwa kinyume cha Katiba. Rufaa ya Serikali, Namba 28 ya mwaka 1990, inajulikana kama shauri la Daudi Pete.

Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikataa baadhi ya hoja za Mahakama Kuu. Ilisema kwamba kumnyima mtu dhamana si lazima kumaanishe kumtendea kama mwenye hatia. Lakini ilikubali kwamba kifungu kilikiuka Ibara ya 15, kwa kuwa kilinyima uhuru bila kuweka utaratibu wa kuamua nani anastahili kunyimwa, na kilikuwa kipana kiasi cha kuwakumba hata watu wasio hatari kwa jamii. Kanuni iliyobaki ni kwamba Bunge linaweza kuzuia dhamana, lakini ni lazima kizuizi kiwe na mipaka na utaratibu.

Bunge lilijibu kwa kuandika upya. Kifungu cha 148(5)(e) cha baadaye kilihusu makosa yenye fedha au mali inayozidi shilingi milioni 10, na kikamtaka mshtakiwa kuweka nusu ya thamani hiyo, kwa fedha taslimu au mali, ndipo apate dhamana. Kwa sharti hili dhana ya mdhamini anayesimama kwa heshima yake ilibadilika. Mfanyabiashara mwenye hati za nyumba aliweza kutoka, na karani aliyeshtakiwa pamoja naye akabaki.

7.0 Mashauri ya Karne ya 21

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi katika shauri la kikatiba la Jeremia Mtobesya dhidi ya Mwanasheria Mkuu, kwamba kifungu cha 148(4) kilivunja haki ya kusikilizwa iliyomo katika Ibara ya 13(6)(a). Mshtakiwa hakupewa nafasi ya kuijibu hati iliyomfungia, na hakimu hakupewa nafasi ya kuipima. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na uamuzi huo. Hivyo uwezo uliodumu kwa miongo mitatu uliondolewa kwa shauri lililofunguliwa na mwanasheria aliyejua kuijenga hoja ya kikatiba. Katika miongo hiyo mitatu, mahabusu waliofungiwa kwa hati hizo hawakuwa na njia rahisi ya kufanya hivyo kutoka gerezani.

Shauri la pili lilihusu kifungu cha 148(5) chenyewe, ambacho orodha yake ilijumuisha mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, biashara ya dawa za kulevya na utakatishaji wa fedha. Kuwemo kwa utakatishaji wa fedha kulizua mjadala mkali. Mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la kifedha lenye dhamana angeweza kuongezewa shtaka moja la utakatishaji, na dhamana ikatoweka. Septemba 2019 Rais John Magufuli alitangaza nafasi kwa mahabusu wa makosa ya uhujumu uchumi kukiri na kurejesha fedha ili waachiwe. Mwaka huo huo sheria ilirekebishwa kuruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na mshtaki. Mtu aliyekaa rumande muda mrefu bila kujua lini upelelezi utakamilika huyaangalia makubaliano ya namna hiyo kwa macho tofauti na mtu anayelala nyumbani kwake.

Mei 2020, katika shauri la Dickson Paulo Sanga, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 148(5) kilikuwa kinyume cha Katiba, na ikaipa Serikali miezi 18 kukirekebisha. Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Ilisema kwamba makosa yaliyoorodheshwa ni mazito, kwamba Ibara ya 15(2) inaruhusu uhuru kuondolewa kwa utaratibu wa sheria, na kwamba kizuizi hicho kinalinda maslahi ya umma. Kwa msimamo huo, mshtakiwa wa kosa lililomo katika orodha anabaki rumande hata kama ushahidi dhidi yake ni mwepesi, kwa sababu hakimu anayepokea shtaka haruhusiwi kuupima kwa ajili ya dhamana. Uzito wote wa suala umehamia kwa anayechagua shtaka.

8.0 Wakili kwa Asiye na Uwezo

Mkusanyiko wa vikwazo hivi unaonekana vizuri zaidi katika kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha. Halina dhamana. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Lakini husikilizwa na mahakama za wilaya na za hakimu mkazi, ambako utaratibu wa kupangiwa wakili wa Serikali, uliozoeleka Mahakama Kuu, haukufika kwa kawaida. Hivyo kijana maskini angeweza kukamatwa, kukaa rumande muda wote wa kesi, kuhoji mashahidi peke yake, kuhukumiwa miaka 30 na kuandika rufaa yake kwa mkono akiwa gerezani, bila kukutana na wakili hata siku moja.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliitazama hali hii katika shauri la Alex Thomas, lililoamuliwa Novemba 2015. Mahakama ilisema kwamba kwa uzito wa shtaka na adhabu yake, Serikali ilipaswa kumpatia mshtakiwa msaada wa kisheria bila malipo, hata kama hakuuomba. Shauri la Mohamed Abubakari la mwaka 2016 lilifuata mkondo huo huo. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Ndani ya nchi, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1969. Iliweka utaratibu wa kusajili watoa msaada na ikawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, ambao kwa miaka mingi walifanya kazi vijijini bila hadhi ya kisheria. Msaidizi wa kisheria hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu, lakini anaweza kufika kituoni, kueleza tofauti kati ya bondi na malipo, kutafuta ndugu na kuwaelekeza wapi pa kupata barua ya utambulisho. Kwa maana hiyo sheria hii ilikaribia saa za mwanzo za ukamataji kuliko sheria yoyote iliyotangulia. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliruhusu mawakili katika mahakama za mwanzo zinazoongozwa na mahakimu wakazi, na katika mwaka huo Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama. Marufuku iliyowekwa enzi za mahakama za wenyeji ilianza kulegea baada ya zaidi ya miaka 90.

9.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonyesha kwamba dhamana haikukua nchini kwa mstari ulionyooka. Iliminywa na mgawanyiko wa mahakama za kikoloni, ikafutwa mwaka 1983, ikaimarishwa na Hati ya Haki, kisha ikawekewa mipaka mipya na Bunge na kuthibitishwa kwa mipaka hiyo mwaka 2020. Katika kila hatua uwepo au ukosefu wa wakili ulikuwa sehemu ya matokeo. Sheria ya mwaka 1983 ilimwondoa wakili ili dhamana isiombwe, na mashauri ya kikatiba yaliyofuata yalifanikiwa pale ambapo hoja ilipata mtu wa kuijenga na jaji wa kuisikiliza.

Kutokana na hayo, juhudi za kupunguza msongamano wa mahabusu kwa kurekebisha kifungu cha dhamana peke yake haziwezi kutosha. Mtuhumiwa anayehitaji wakili zaidi ni yule aliye kituoni katika saa 24 za kwanza, kabla shtaka halijachaguliwa na kabla wadhamini hawajatafutwa, na huyo ndiye ambaye sheria imechelewa kumfikia kwa karne nzima. Ndugu walio nje ya kituo wakiuliza maswali yao mawili wanauliza jambo moja: kama kuna mtu atakayesimama na ndugu yao kabla mlango haujafungwa.